Ipo Kwetu

Picha za ukoo zinakaa kwenye bahasha ya eksirei
ya hospitali ya Ikonda, ile ya mapafu ya babu.
Mapafu yenyewe tuliyazibia dirisha la jikoni
kioo kilipovunjika. Bahasha ikapata kazi nyingine.

Mwezi wa sita, Makete. Sakitu imeunguza viazi.
Nazipanga mezani moja moja, simu juu yake,
nikingoja ukungu uondoke nipate mwanga.
Ombeni anapiga toka Mwanjelwa:
"Tuma basi! Ukoo mzima unasubiri.
Tuwaweke wazee mtandaoni, wasipotee."

Wasipotee. Nimeipenda hiyo.

Ya kumi na moja: Babu Yotamu kwenye kiti cha studio,
suruali ya kuazima, nyuma yake mlima wa kuchorwa,
kana kwamba pale nje hapakuwa na milima.
Kulia kwake binti amesimama, kitenge kipya,
mkono begani mwa babu.
Si bibi yangu.

Nageuza. Muhuri wa zambarau:
CHAULA PICHA, NJOMBE. USINAKILI BILA RUHUSA.
Chini, kwa penseli: Edina, 1971.

Nikapanda basi la alfajiri.
Chumba cha Chaula sasa ni duka la mbegu na dawa za ukungu,
mwanawe Sayuni anapima kwa mizani ya kopo.
"Negativu zililiwa na panya," akasema,
"lakini jicho lilikuwa la baba.
Babu yako alilipa shilingi nne, akanunua karatasi.
Kule kuona hakukununua.
Iweke, sikukatazi. Jina lake tu uliandike,
kwa herufi zinazosomeka.
Miaka yote hii watu wanasema *picha yetu, picha yetu*,
hakuna anayemkumbuka aliyesema *usipepese*."

Nikaandika kiganjani: Ahazi Chaula.
Nikadhani nimemaliza.

Shangazi ndiye aliyeninong'oneza: yupo hai, Tandala,
nyumba ya bati jekundu, anaanika pareto.

Edina aliitazama mpaka chai ikatanda ngozi.
"Huyu alikuwa mimi," akasema, "kwa miezi saba."
Nje wajukuu walikuwa wakigombania baiskeli.
Akashusha sauti.
"Wanangu wanajua niliolewa mara moja.
Baba yao alijua, akanyamaza, akafa nalo.
Mlango wangu huu una komeo, mwanangu.
Huko mnakotaka kunipeleka, komeo liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai yake, na ngozi yake.

Njiani kurudi nilijaribu ujanja.
Vidole viwili kwenye kioo, nikabana picha,
Edina akatoka, kitenge chake kikatoka,
mkono ukabaki.
Vidole vinne na pete begani mwa babu,
mkono usio na mtu,
swali kubwa kuliko mwanamke mzima.
Nikabana tena: bega likaondoka, na sikio.
Babu gani huyo wa sikio moja?

Nimemtumia Ombeni kumi.
"Kumi tu? Mama alisema kumi na moja."
"Moja si yetu."
"Si ipo hapo nyumbani?"
Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena:
Ipo kwetu. Si yetu.
Amesoma. Hajajibu. Alama mbili za buluu, basi.

Nairudisha kwenye bahasha, uso chini,
muhuri juu, kama aliyelala akifunika macho.
Ukungu umeondoka. Jua linapenya dirisha la jikoni
na mezani kwangu zinalala mbavu,
moja moja, za Yotamu Luvanda,
na lile doa la kushoto ambalo bibi
alituapisha tusilitaje kanisani.
Miaka tisa liko hapo dirishani, upande wa njia,
wauza mkaa wanapita, watoto wa shule wanapita.

Nimechukua kisu, nimebandua gundi taratibu.
Baridi imeingia jikoni yote.